Tabibu wa Kombe

Katika miaka niliyoishi Maskati nikitunza matangi ya kioo yenye maji ya bahari katika nyumba za watu wenye nafasi, samaki walinifundisha mengi na matumbawe yakanifundisha machache, lakini elimu ya kutambua maradhi, ambayo ni elimu ya kuuliza kwa taratibu na kungoja jibu bila ya pupa, niliipata kwa kombe. Samaki akiugua huogelea upande, hujikuna mawe, huacha chakula chake kikazama, na mtu yeyote apitaye sebuleni huweza kusema kwamba samaki yule ana jambo. Kombe hana kichwa wala mkono. Pa kukimbilia hana, na sauti hana. Katika umri wake wote ana matendo mawili tu ya dhahiri, kufumbua na kufumba, na kwa matendo hayo mawili hana budi kueleza njaa, joto, jeraha, hofu na mauti. Ndiyo maana aghalabu wenye matangi huarifiwa ugonjwa wa kombe wao na harufu ya mzoga.

Yafaa niwaeleze wasomaji wa pwani kwamba kombe ninayemtaja si yule achimbwaye mchangani maji yakishatoka, akaingia chunguni kabla ya magharibi. Ni jamaa yake wa miambani, mwenye magamba mazito yaliyojaa mikunjo, ambaye wataalamu humwita Tridacna. Ukoo huu una aina kadhaa, na aliye mkubwa kuliko wote, Tridacna gigas wa pande za Australia na Pasifiki, hupita mita moja kwa urefu na kilo 200 kwa uzito. Miamba ya Afrika Mashariki ina aina mbili za wastani: Tridacna maxima, ambaye hujichimbia jiweni mpaka ukingo wa gamba lake ukakaribia kuwa sawa na uso wa mwamba, na Tridacna squamosa, mwenye vigamba vilivyosimama mgongoni safu kwa safu. Sisi tuliokulia Nungwi tuliwajua wote wawili tangu utotoni, na katika jumla ya maneno niliyopata kuyasikia juu yao majira ya maji ya bamvua, swali lilikuwa moja tu, kama wanatosha mchuzi. Afya ya kombe ilikuwa ni shauri lake mwenyewe.

Baina ya magamba yake hutokeza nyama laini yenye rangi za kustaajabisha, buluu na kijani, zambarau na kahawia, nayo huitwa joho. Ndani ya joho hilo, katika vifereji vyembamba vinavyoanzia tumboni, hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu, ambao huupokea mwanga na kuugeuza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Mwingereza C. M. Yonge, aliyeongoza msafara wa wataalamu katika Great Barrier Reef ya Australia mwaka 1928 hadi 1929, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuuchunguza ushirika huo kwa makini, na tangu zamani zake hadi leo hapana mtu wa elimu hiyo anayeshuku kwamba kombe huyu ana riziki mbili: moja huichuja majini kama wafanyavyo kombe wengine wengi, na ya pili huipata juani. Kwa hiyo mwenye kutafuta sababu ya udhaifu wake hana budi kuuliza habari za riziki zote mbili, na asiridhike na jawabu la moja. Ukingoni mwa joho, fauka ya hayo, kuna mamia ya macho madogo mno, ambayo kazi yake kubwa ni kuhisi kivuli na mwendo wa kitu kinachopita. Na kwa macho hayo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Mwenye nyumba niliyoitumikia kwa muda mrefu kuliko nyingine alikuwa bibi mmoja wa makamo ya utu uzima, mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Omani akingali kijana na ambaye Kiswahili chake kilibaki kilekile cha mji wa Unguja wa zamani, hata mimi nikawa nikitoka kwake nimeokota neno nililolisahau. Sebuleni mwake palikuwa na tangi pana, na ndani yake kombe watatu waliokaa juu ya mawe, kila mmoja na jiwe lake. Asubuhi, baada ya kahawa, alikuwa na ada ya kupita mbele ya tangi lile akitengeneza mtandio wake, na kivuli chake kilipowaangukia kombe, wote watatu walijikunja mara moja, kisha wakafunguka polepole kivuli kilipoondoka. Yeye alilihesabu jambo hilo kuwa ni adabu. Siku moja nilipofika na vyombo vyangu, kabla sijavua viatu vyema, aliniita.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu njoo umtazame huyu wa upande wa dirishani. Leo hakunionea haya.”

“Pengine amekuzoea, Bibi.”

“Wenziwe hawajanizoea, yeye peke yake ndiye anizoee?”

Nimesoma vitabu vya utunzaji wa viumbe wa baharini, na katika vitabu hivyo sikukuta hoja iliyofumwa vizuri kuliko ile. Kweli kombe huweza kukizoea kivuli kinachorudi mara kwa mara kisimdhuru, na mtu akiwa na kombe mmoja tu hawezi kupambanua mazoea na udhaifu. Lakini palipo na watatu waliofikwa na kivuli kimoja kwa muda ule ule, yule anayehitilafiana na wenziwe ana habari yake mbali. Nilipopitisha mkono wangu juu ya maji, wawili walifumba upesi, na wa dirishani akavuta joho lake kidogo, kwa uvivu, upande mmoja tu. Nilipomtazama kwa karibu niliona kwamba ukingo wa joho ulikuwa umerudi nyuma, gamba tupu likaonekana pale ambapo siku zote nyama hulifunika, na ule ufito mweupe safi wa gamba jipya, ambao ni shahada ya kwamba kombe anakua, haukuwapo. Rangi yake ilikuwa nzuri kabisa. Mtu aliyezoea kuhukumu kwa rangi angeapa kwamba ni mzima.

Hoja ya Bibi ilinifungulia njia ya pili pia. Kombe wote watatu walikunywa maji mamoja, wakaota taa zile zile, wakavumilia joto lile lile. Maji yangekuwa na ila, aghalabu wote wangepatwa. Hata hivyo nilipima, kwa kuwa kutopima kwa sababu ya kudhani ni uvivu uliovaa nguo ya akili. Chumvi ilikuwa sehemu 35 kwa elfu, kama bahari yenyewe. Joto nyuzi 26. Kalsiamu, ambayo ndiyo mali ya kujengea gamba, karibu na miligramu 420 katika lita. Basi maji yalitoka lawamani. Taa nazo zilikuwa juu ya wote kwa kadiri moja. Yakabaki mambo yanayoweza kumpata kombe mmoja na kumwacha jirani yake: jeraha, jirani mwovu, au kupe.

Jirani aliyetuhumiwa kwanza alikuwa samaki mmoja wa manjano mwenye mdomo mwembamba, wa jamaa ambayo watu wake hupenda kudonoa joho la kombe kama mtoto adonoavyo pembe ya mkate uliotoka jikoni. Samaki huyaona mengi zaidi kuliko tunavyomkadiria. Mtu akisimama mbele ya kioo huja kuomba chakula na kusahau uovu wake wote. Nikaketi mbali, nyuma ya pazia la mlango, mpaka samaki wakanisahau, nikamtazama mtuhumiwa kwa muda wa kutosha mpishi kunipitia na sinia mara kadhaa akinistaajabia. Yule wa manjano hakumgusa kombe hata mara moja. Alitoka naye lawamani.

Wakati huo huo muuza duka mmoja wa samaki, ambaye Bibi alimpigia simu kwa wasiwasi, alituma chupa ya dawa ya rangi ya buluu na maelezo ya kuimimina yote. Nilisoma karatasi yake nikakuta ndani yake mna shaba. Dawa hiyo ina sifa zake: samaki aliyetokwa na madoa meupe huponywa nayo akiwa katika tangi la peke yake. Lakini shaba kidogo tu inayomfaa samaki yatosha kumwua kombe, kamba, konokono na tumbawe. Na ikishaingia tangini hushikamana na mawe na mchanga, ikarudi majini kidogo kidogo muda mrefu baada ya aliyeimimina kusahau. Nilimwomba Bibi ruhusa ya kuitia kabatini, naye akauliza suala la haki: kama sijajua ugonjwa, nimejuaje kwamba hii siyo dawa yake? Nikamjibu kwamba sijui ugonjwa, ila naijua dawa. Alinyamaza akairidhia hoja hiyo, na chupa ikakaa kabatini.

Usiku, taa za tangi zilipokwisha kuzimwa na nyumba kutulia, nilirudi na kurunzi niliyoifunika kitambaa chekundu, maana viumbe wengi wa usiku hawastushwi na mwanga mwekundu kama wanavyostushwa na mweupe. Bibi naye alikuja, tasbihi mkononi, akaketi kwenye kiti alichokivuta mwenyewe. Nililiinamisha jicho mpaka karibu likagusa kioo. Juu ya ukingo wa gamba la kombe wa dirishani walikuwapo konokono weupe, wembamba, wenye ncha, wafupi kuliko punje ya mchele, wamejipanga bega kwa bega. Na kila mmoja alikuwa ameunyosha mrija mwembamba mno, ambao usingalionekana kama kurunzi isingalitoka ubavuni, ukafika katika nyama ya joho na kutulia pale. Kombe alikuwa amevuta nyama yake ndani kadiri alivyoweza, nao wakaifuata.

“Subhanallah! Hawa ndio wanaomnyonya?”

“Ndio hawa, Bibi.”

“Na mchana wanalala wapi, mbona hatuwaoni?”

“Chini yake, penye tundu la nyuzi alizojifungia jiweni, na katika mikunjo ya gamba.”

“Basi mwizi kalala uvunguni, na sisi tunamsaka barabarani.”

Konokono hao ni wa ukoo uitwao Pyramidellidae. Mmoja wao hamdhuru kombe mkubwa, na wachache humchosha tu. Lakini huzaana kwa haraka, na kombe mchanga asiyezidi kidole huweza kufa kwa kunyonywa nao. Mayai yao huyagandisha juu ya gamba katika ute usio na rangi, na huo ndio ushahidi unaoweza kuonekana hata mchana kwa mwenye kioo cha kukuzia na saburi. Dawa yake haiko chupani. Asubuhi nilimtoa kombe pamoja na jiwe lake, nikamweka katika beseni la maji ya tangi lile lile, nikamsugua gamba lote kwa mswaki mpya, mkunjo baada ya mkunjo, nikapita na pembeni mwa tundu la chini kwa wepesi, kisha nikamhamishia tangi dogo la peke yake. Kazi hiyo nilikuwa sina budi kuirudia kwa wiki kadhaa, kwa kuwa yai lililosalimika leo ni konokono wa kesho kutwa, na wenziwe wawili nao walipata mswaki wao, japo walikuwa hawajaonyesha dalili. Wako watunzaji wanaomtegemea samaki mmoja mdogo mwenye mistari sita ubavuni, ambaye hula konokono hao, na mimi simkatai. Ila samaki huyo hulala usiku, na wageni wake hutoka usiku, kwa hiyo kumtegemea yeye pekee ni kumwajiri mlinzi wa mchana kwa duka linalovunjwa saa sita za usiku. Kombe wa dirishani alipona. Ufito mweupe ulionekana tena ukingoni, nilimwonyesha Bibi, naye akataka kujua kwanza kama sasa anamwonea haya.

Maradhi mengine niliyoyakuta katika kazi hiyo yalikuwa na sura zake. Kombe anayepauka, joho lake likaingia weupe katikati au kote, amempoteza yule mwani anayemlisha, na sababu yake kubwa ni joto au mabadiliko ya ghafula ya mwanga. Maskati wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, na mashine ya kupoza maji ikizima mchana mmoja, tangi zima huingia hatarini. Jambo hili nililitambua upesi kuliko mengine kwa kuwa nilikwisha kuliona baharini: mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi kuanzia Kenya hadi Mafia na mbele yake, na mtu aliyeteremka na mashua akatazama chini alidhani wamemwaga chokaa. Ugonjwa wa tangi na ugonjwa wa bahari ni mmoja hapa. Tofauti ni kwamba tangi lina mtu wa kuitengeneza mashine. Kombe aliyepauka haombewi dawa. Hupunguziwa joto, hupewa mwanga wa wastani unaoongezwa kwa taratibu, na aliye mdogo hulishwa mwani hai wa majini, kisha hungojwa.

Tundu la kuvutia maji, ambalo kwa kombe mzima ni mwanya mrefu mwembamba, likiachama wazi muda wote na magamba yakatanuka kupita kiasi, mambo yamekwisha kuharibika ndani; hiyo ni dalili ya mwisho, na anayeijua hiyo peke yake atakuwa mzishi zaidi kuliko tabibu. Yuko pia kombe ambaye joho lake hujikunja na kujibana sehemu sehemu lisiweze kutandaa, na watunzaji wengi humchovya katika maji matamu yaliyosawazishwa joto na ukali wake na maji ya tangi, kwa muda wa karibu nusu saa, wakaona nafuu. Mimi nimeona nafuu hiyo, na nimeona pia kombe asiyepata nafuu, basi naitaja kwa tahadhari. Na yuko aliyefika dukani ameng'olewa jiweni kwa nguvu: nyuzi zake za kujishikia huota kutoka katika tezi iliyo ndani ya mwili, na mwenye kuzivuta huvuta na tezi, akaacha jeraha lisiloonekana juu, ambalo huoza kimya kimya kwa siku nyingi na kombe akafa kwa mnunuzi ilhali makosa ni ya muuzaji. Nyuzi hukatwa kwa wembe, karibu na jiwe, mbali na nyama.

Waliokufa sikuwatupa kabla ya kuyasoma magamba yao. Mwili wa kombe hutolewa majini upesi sana, kwani uozo wake hujaza tangi amonia na kuwaua majirani, lakini gamba likishakauka huhifadhi habari nyingi: vitobo vya minyoo na sifongo waliojichimbia ndani, kovu la ukingo uliowahi kuvunjika, na mistari ya kukua, iliyo laini hivi kwamba wataalamu, kwa kutumia hadubini, husoma katika magamba ya Tridacna ukuaji wa siku moja moja na kukisia hali ya bahari ya zamani za kale. Kwa jicho langu sikuweza kusoma siku, lakini mara nyingi niliuona mfuo mmoja wa kina katika gamba, na ukuaji baada yake ukiwa mwembamba na mbaya. Na nilipokisia urefu wa gamba lililoota baada ya mfuo ule, niliangukia karibu na wakati aliposafirishwa. Tangu hapo mwenye nyumba akiniita kwa kombe anayenyong'onyea, suala langu la kwanza lilikuwa ni lini amefika na amefikaje, kabla ya kutia kipimo majini.

Kwa hiyo namwambia msomaji mwenye kutamani kuwaweka kombe hawa nyumbani kwake, awe Maskati, Dubai, London au Mombasa: biashara yao yote iko chini ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES tangu mwaka 1985, na huko Palau katika Pasifiki walianza kuzalishwa kwa wingi katika vituo vya ufugaji miaka hiyo ya 1980, basi pana njia ya kumpata kombe aliyefugwa mwenye karatasi zake, na hapana udhuru wa kununua aliyeng'olewa mwambani. Nenda dukani asubuhi, uwatazame kwa mbali kabla hujakaribia. Pitisha kivuli cha mkono wako juu yao, na yule asiyejikunja ilhali wenziwe wamejikunja, muache. Tafuta ufito mweupe wa gamba jipya. Kisha mwombe muuzaji amgeuze kwa wepesi ndani ya maji uone tundu la chini, kama nyama yake ni nzima na kama hapana ute wa mayai pembeni. Na muuzaji akikataa kumgeuza, usimnunue.